Mwanakupona: Bibi Aliyegeuzwa Mtoto



Mpwa wangu anaitwa Mwanakupona. Jina alilirithi kwa bibi yake mzaa baba, na bibi naye aliachiwa na bibi yake. Alipofaulu mtihani akaenda kusoma shule ya bweni huko bara, karani aliyeandika majina alilipasua jina hilo katikati. Mwana likawa jina la kwanza, Kupona likawa la pili. Asubuhi ya kwanza mwalimu akafungua daftari la mahudhurio, akaita, "Mwana!" Darasa zima likacheka. Vijana wetu wa leo wakisema mwana wana maana ya mshikaji, mwenzao wa kijiweni, tena mara nyingi wa kiume. Tangu siku hiyo mtoto hakupata salamu ya kawaida. Mlangoni ni "Vipi, mwana?" Darasani ni "Mwana, nipe kalamu." Likizo ilipofika akamwambia baba yake kwamba anataka kubadilisha jina, aitwe Salma.

Shemeji yangu hakukasirika. Alinipigia simu akasema, "Wewe si ndiye unayejishughulisha na maneno? Njoo uzungumze na mpwa wako." Nikaenda. Mtoto akanitazama, kisha akauliza: "Mjomba, mimi ni mwana wa kupona nini? Nani aliumwa?"

Siku ile nilimjibu vibaya. Nilimwambia hilo ni jina la mshairi mkubwa, ajivunie. Msichana wa miaka kumi na minne anayechekwa kila asubuhi haponi kwa jawabu la namna hiyo. Miaka iliyofuata nilimjibu tena kwa vipande vipande, kila nilipojifunza jambo. Leo nakusanya vipande hivyo mbele yenu.

Nianze na kosa lililomo ndani ya swali lake, maana ni kosa letu sote. Alidhani mwana ni mtoto. Na kwa nini asidhani? Kiswahili cha shuleni kimemzungushia neno hilo kila upande: mwanafunzi, mwanasheria, mwanasiasa, mwanamuziki, mwananchi. Kote huko mwana ni mtu aliye wa jambo fulani, kama mtoto alivyo wa mzazi wake. Sikio lililolelewa na maneno hayo likisikia Mwanakupona litasikia mtu wa kupona, mhusika wa maradhi. Hata mimi nililisikia hivyo kwa muda mrefu.

Lakini jina hili halikutoka shuleni. Limetoka visiwa vya Lamu na pwani ya kaskazini, na huko zamani mwana alikuwa bibi mwenye nyumba. Edward Steere, aliyekuja kuwa Askofu wa Zanzibar, alitoa kitabu chake cha kujifunzia Kiswahili mwaka 1870. Katika orodha yake ya maneno, mwana ni bibi wa nyumba, mama mtu mzima, na pia ndivyo mtu alivyomtaja mama yake mzazi kwa adabu. Maana ya mtoto nayo imo. Neno moja, basi, liliweza kumwelekea mama na mtoto, na ni hali ya mazungumzo iliyoamua nani anatajwa.

Ndiyo maana tukifungua historia ya pwani tunakuta neno hilo mbele ya majina ya wanawake wazito. Mapokeo ya Mombasa yanamtaja Mwana Mkisi, aliyetawala mji huo kabla ya Shehe Mvita. Pate ilitawaliwa na Mwana Khadija katika karne ya 18. Unguja ilikuwa na malkia Fatuma, aliyejulikana kwa jina la Mwana Mwema, ambaye Waomani walimpeleka uhamishoni baada ya kuiteka Ngome ya Yesu kutoka kwa Wareno mwaka 1698. Hakuna msimulizi wa pwani aliyefikiri kwamba watu wa Mombasa walitawaliwa na mtoto wa Mkisi. Mwana hapo ni cheo, kama ambavyo leo tungesema Bibi au Malkia.

Upande wa wanaume, cheo kilichokwenda sambamba ni Bwana. Bwana Muyaka wa Mombasa, mshairi. Bwana Mataka wa Siyu, ambaye tutarudi kwake. Bwana Heri wa Saadani, aliyepigana na Wajerumani kuanzia mwaka 1888. Cheo hicho nacho kiligandana na jina mpaka vikawa neno moja, tukapata akina Bwanaheri na Bwanamkuu. Sasa sikilizeni majina ya dada zao: Mwanaheri, Mwanamkuu. Ni jozi. Anayesema Bwanaheri ni Bwana Heri lakini Mwanaheri ni mtoto wa heri, amempandisha kaka kiti na kumwacha dada mkekani.

Kuna kipimo kingine, na hiki kila mmoja anaweza kukijaribu nyumbani. Chukueni jina Mwanafatuma. Kama mwana ni mtoto, mwenye jina hilo ni mtoto wa Fatuma. Lakini mama yake anaweza kuwa Halima au Zuhura. Fatuma ni yeye mwenyewe. Mwanaisha ndiye Aisha mwenyewe. Mwanahawa ndiye Hawa. Mwana amekaa mbele ya jina lake kama Bi anavyokaa mbele ya jina la mwimbaji Bi Kidude, na hakuna mtu aliyewahi kumtafuta mama wa Bi Kidude aitwaye Kidude.

Chukueni na majina ya siku. Mtoto wa kiume aliyezaliwa Ijumaa huitwa Juma. Wa Alhamisi, Hamisi. Wa siku ya Idi, Idi. Binti aliyezaliwa siku zizo hizo je? Mwanajuma. Mwanahamisi. Mwanaidi. Mwezi wa Ramadhani uliitwa pia mwezi wa tumu, na binti wa mwezi huo akawa Mwanatumu. Kombo ni mwanamume, Mwanakombo ni mwanamke. Siku ni ile ile na mwezi ni ule ule. Kinachowatofautisha kaka na dada ni hilo neno la mbele.

Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu tumefika penye kiini cha ninachotaka kusema.

Lugha yetu haijali jinsia. Tunasema amekuja, na aliyekuja anaweza kuwa babu au bibi. Ngeli zetu zinapanga watu, miti na vitu, hazipangi wanaume na wanawake. Mzungumzaji wa Kiarabu ana kiishio cha kike tayari mdomoni: Karimu na Karima, Salimu na Salima. Sisi hatuna. Waswahili walipotaka jina la kike kutokana na siku, msimu au tukio, ilibidi watafute neno la kuifanya kazi hiyo. Wangeweza kuchukua neno lolote. Wangeweza kusema Mkejuma. Walichagua neno la mwenye nyumba. Binti mchanga wa siku saba, aliyenyolewa nywele za tumboni akafanyiwa akika, aliitwa kwa cheo ambacho kaka yake Juma hakupewa. Juma angengoja awe mtu mzima ndipo aitwe Bwana Juma. Dada yake alikuwa Mwana Juma kabla hajaota jino.

Sisemi kwamba pwani ya zamani ilikuwa pepo ya wanawake. Nasema kwamba katika pembe hii moja ya lugha, heshima ilitangulia umri, na sisi warithi tumeisoma kinyume. Tumelitazama neno la bibi tukaona mtoto.

Sasa nusu ya pili ya jina: kupona. Leo tunalitumia zaidi kwa maradhi. Mgonjwa amepona, kidonda kimepona. Lakini kitenzi hiki ni kipana kuliko hospitali. Aliyenusurika ajalini twasema ameponea chupuchupu, au ameponea tundu la sindano. Anachokitegemea mtu kupata chakula chake kinaitwa maponea. Kupona ni kubaki hai, ni kupita upande wa pili wa hatari. Kwa hiyo swali la mpwa wangu, "Nani aliumwa?", lilikuwa dogo kwa jina lenyewe. Pengine hakuna aliyeumwa. Pengine mtu alikuwa hatarini, akavuka.

Na hatari moja kubwa kwa wanawake wa zama zile ilikuwa uzazi. Mama aliingia chumbani bila hakika ya kutoka. Mtoto aliingia duniani bila hakika ya kufika siku ya arobaini. Ndiyo maana majina ya pwani yana ukoo mzima wa shukrani na kinga. Salama. Afiya. Nusura. Rehema. Subira. Na kwa upande wa pili kuna majina yaliyotolewa kwa makusudi yawe mabaya au ya huzuni, ili kifo kisimtamani mtoto au ili shida ya mwaka huo isisahaulike: Taabu, Mashaka, Shida. Kupona ni ndugu wa Salama na Nusura. Tofauti yake ni kwamba wenzake wamevaa nguo za Kiarabu, naye amebaki na nguo zake za Kibantu. Mzazi anayemwita bintiye Salama leo anasema jambo lile lile alilosema mzazi wa Pate miaka mia mbili iliyopita, kwa neno linalosikika la kisasa zaidi.

Mwanakupona, basi, ni Bibi Kupona: bibi wa kubaki hai.

Mwenye jina hili tunayemjua wote ni Mwana Kupona binti Mshamu. Alizaliwa Pate, akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mji ulio katika kisiwa hicho hicho cha Pate. Bwana Mataka hakuwa mtu wa kupinda mgongo. Seyyid Said, Sultani wa Omani na Zanzibar, alituma majeshi Siyu zaidi ya mara moja kuutia mji ule chini ya mamlaka yake, na Siyu ikamsumbua. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, mwaka 1275 wa Hijria, ambao ulianza 1858, mjane wake alitunga utenzi kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Tazameni: binti naye ana Mwana mbele ya jina.

Alipoutunga alikuwa mgonjwa. Anamwita binti yake akae karibu, alete wino na karatasi, kwa kuwa ana maneno ya kumwachia. Anamweleza juu ya radhi tano ambazo mwanamke anazihitaji: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Kuhusu hiyo ya tano wasomi wamegombana sana. Wapo wanaouona utenzi huu kuwa somo la utumwa wa ndoa. Wapo wanaosikia ndani yake sauti ya mwanamke mwerevu anayemfundisha binti jinsi ya kuishi na mwenye nguvu bila kuvunjika. Ugomvi huo una mihadhara yake. Mimi leo ninatazama jambo dogo tu. Utenzi unapoelekea mwisho, mtunzi anamwomba Mungu amwondolee maradhi, kisha anataja jina lake na mji aliozaliwa, na anaandika mwaka. Mwanamke aliyeitwa Kupona anaomba kupona, na mwishoni anatia sahihi. Kama aliusikia mgongano huo wa maneno, hakuutolea maelezo, na mimi sitamsaidia.

Sahihi hiyo ndiyo iliyoliokoa jina. Utenzi ulinakiliwa, ukasomwa majumbani, ukahifadhiwa vifuani na wanawake waliowasomea mabinti zao. Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens waliuchapisha kwa hati za Kirumi pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mwaka 1971 J. W. T. Allen akautia katika mkusanyo wake wa tendi. Kuanzia hapo kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, awe Nairobi, Dar es Salaam au chuo cha Ulaya, analijua jina Mwana Kupona. Wengi wao hawajawahi kukutana na mtu hai anayeitwa hivyo.

Nadokeza pia kuhusu maandishi. Nakala za kwanza ziliandikwa kwa hati za Kiarabu. Katika hati hizo, kwa mtindo wa zamani, herufi be ilisimama mahali pa b, pa p na hata pa mb. Na dhumma ilisimama mahali pa u na pa o. Asiyelijua jina angeweza kulisoma Kupona, au Kupuna, au Kubuna. Jina halikuweza kuokotwa kwenye karatasi na mgeni. Ilikuwa lazima lisikike kwanza mdomoni mwa mtu. Na hati hizo hazina herufi kubwa, kwa hiyo suala la kuandika Mwana Kupona maneno mawili au neno moja halikumnyima mtu usingizi. Suala hilo lilizaliwa na fomu. Kitabu kikaandika Mwana Kupona, cheti cha kuzaliwa kikaandika Mwanakupona, na karani wa shule ya mpwa wangu akatafuta njia yake.

Sasa tuulize: majina haya yako wapi leo?

Mkinitajia jina Mwanakupona peke yake, nitawajibu kwamba ni adimu. Ukilisikia, uliza asili ya familia, na mara nyingi utapelekwa Lamu, Pate, Siyu au Mombasa. Ni jina la kurithiwa zaidi kuliko la kuchaguliwa. Hukaa ndani ya nyumba, likatoka kwa bibi kwenda kwa mjukuu, na nyumba ikikosa mjukuu wa kike au ikibadili desturi, jina linalala.

Lakini ukoo wake haujafa. Umepanda daladala ukaenda mbali, ila umepunguza mizigo. Kadiri unavyoteremka kusini, Mwana anafupika. Mwanajuma anakuwa Mwajuma. Mwanamvua, binti wa siku ya mvua, anakuwa Mwamvua. Mwanatumu anakuwa Mwantumu. Mwanasiti anakuwa Mwasiti. Wengi wa kina Mwajuma hawajui kwamba zile herufi tatu za mwanzo ni mabaki ya cheo. Na wageni nao huchanganya zaidi, kwa kuwa Mwa- nyingine zimejaa kila mahali na hazihusiani na hii: Wataita wana Mwakio na Mwadime, Wanyakyusa wana Mwakyembe na Mwandosya, na kwao silabi hiyo ni ya ukoo na mara nyingi hubebwa na wanaume.

Vuka maji uende Ngazija na visiwa vingine vya Komoro. Huko jina lile lile limevaa tahajia ya Kifaransa: Moinaecha, Moinafatima. Kwa kuwa Wakomoro wengi wamehamia Ufaransa, hasa Marseille, kuna kina Mwanaisha mitaani kule ambao majirani zao hawana habari kwamba wanaishi karibu na binamu za Lamu.

Na wako walioyabeba majina haya hadharani bila kuyaficha. Mwanaidi Maajar aliiwakilisha Tanzania Uingereza na kisha Marekani akiwa balozi. Mwanahawa Ally ameimba taarabu mpaka sauti yake ikawa sehemu ya harusi za pwani. Na hapo kwa Mwanahawa niruhusuni nicheke kidogo, maana mashabiki humwita Bi Mwanahawa. Bi ni bibi, na Mwana ni bibi. Wanamwita Bibi Bibi Hawa. Mwasiti naye, ukimfungua, ni Mwana na Siti, na siti kwa asili yake ya Kiarabu ni bibi. Lugha inapolisahau neno la heshima hulipachikia jipya juu yake, kama anayepaka chokaa ukuta ambao tayari una chokaa.

Nimelitaja Siti, na siwezi kulipita bila kumtaja mwanamke aliyelifanya jina hilo livume. Karibu na mwaka 1880, katika kijiji cha Fumba kisiwani Unguja, alizaliwa binti wa wazazi wenye asili ya bara, akaitwa Mtumwa. Alikuwa mfinyanzi na mchuuzi wa vyungu kabla sauti yake haijampeleka mjini. Alipokuwa mwimbaji mashuhuri akaitwa Siti, naye ndiye Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili, na ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Alipozaliwa, utumwa ulikuwa bado halali: ulikomeshwa kisheria Zanzibar mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907. Fikirieni safari hiyo: kutoka Mtumwa hadi Siti, ndani ya maisha ya mtu mmoja.

Namtaja kwa sababu anatukumbusha jambo ambalo wapenzi wa majina ya zamani hatupendi kulisema. Heshima ile niliyoisifu haikugawiwa sawasawa. Mwana lilikuwa neno la mke wa kiungwana, mwenye nyumba ya mawe na watu wa kumtumikia. Mtoto aliyeitwa Mwana Fulani na mtoto aliyeitwa Mtumwa waliweza kuzaliwa mtaa mmoja, mwaka mmoja. Siti alikipata cheo chake ukubwani, kwa koo lake na kwa kazi yake. Wengine walizaliwa nacho.

Kwa maoni yangu hapo ndipo penye sehemu ya jibu la kwa nini majina haya yamepungua. Cheo kilipoacha kuwa cha nyumba chache kikawa cha kila binti wa pwani, kutoka Lamu hadi Kilwa, mabibi wa mjini walianza kukikimbia. Mwajuma likawa jina la kila mtaa, na jina la kila mtaa halichelewi kufanywa kichekesho. Wachekeshaji wa Dar es Salaam walipotaka jina la mwanamke wa uswahilini, mgomvi, mwenye kanga kiunoni, mikono iliwaangukia kina Mwajuma. Mzazi aliyecheka utani huo jioni hampi bintiye jina hilo asubuhi.

Sababu nyingine ni dini ilivyosomeka vitabuni. Wazazi wengi siku hizi wanataka jina ambalo maana yake inapatikana kwa Kiarabu, la mke au binti wa Mtume, bila nyongeza. Mwanaisha anaambiwa kwamba Aisha inatosha. Mwanakupona hana hata Aisha wa kubaki naye. Ukimvua Mwana anabaki Kupona, ambalo halimo katika orodha yoyote ya majina ya Kiarabu. Nawaheshimu wenye nia hiyo. Nawakumbusha tu kwamba mtunzi mwenyewe wa utenzi, ambaye radhi za Mungu na Mtume alizitanguliza mbele ya kila kitu, hakuona haja ya kulibadili jina lake la Kiswahili.

Halafu kuna fomu. Fomu inataka jina la kwanza, la kati na la ukoo, kila moja katika kisanduku chake, na Mwana ana kawaida ya kukatika penye mshono. Binti mmoja anaweza kuwa Mwanakupona katika cheti cha kuzaliwa, Mwana K. katika cheti cha shule na Kupona katika akaunti ya benki, kisha akatakiwa aende kuapa mbele ya wakili kwamba hao watatu ni mtu mmoja. Usumbufu wa namna hiyo umeua majina mengi kuliko dharau.

Mnaweza kuniuliza: basi unataka turudi nyuma, kila binti aitwe Mwana? La. Majina hayafufuliwi kwa amri, na jina alilopewa mtoto kwa shingo upande humchosha maisha. Ombi langu ni dogo zaidi, tena ni la aina mbili.

Kwa mnaoandika majina ya watu, makarani, walimu, wauguzi wa kliniki za watoto: ukiletewa jina linaloanza na Mwana, liandike pamoja, neno moja, na kabla ya kuweka kalamu chini muulize mwenyewe kama ndivyo. Nusu dakika hiyo inamwepushia mtoto miaka ya kuchekwa.

Kwa mnaofundisha Kiswahili: mnapofika kwenye utenzi wa Mwana Kupona, msianze na radhi tano. Anzeni na jina juu ya ukurasa. Waulizeni wanafunzi wenu mwana hapo ni nani. Watawajibu kwamba ni mtoto. Kisha waulizeni kina Mwajuma na Mwamvua waliomo darasani, maana hawakosekani, na waacheni wajigundue wenyewe. Somo la sarufi, historia na adabu litakuwa limeingia kwa mlango mmoja.

Namalizia kwa mpwa wangu. Hakubadilisha jina. Sidhani ni kwa sababu ya hoja zangu. Nadhani alikua tu, wenzake wakachoka kucheka. Mwaka jana alikwenda kuchukua kitambulisho na nikamsindikiza. Karani akaanza kuandika, akaacha nafasi baada ya Mwana. Mpwa wangu akaigusa meza. "Pamoja," akasema. "Ni neno moja." Karani akafuta, akaandika upya, kisha akauliza kwa upole jina hilo maana yake nini.

"Bibi Kupona," akajibiwa.

Karani akamtazama, msichana wa miaka kumi na minane mwenye mkoba wa shule begani, akatabasamu. "Bibi? Mbona bado mdogo?"

"Nilianza kuitwa hivyo nikiwa na siku saba," akasema, akaunyosha mkono wake apakwe wino.